Gundi ya Nyeri, Jua la Kagio

Nekesa alifungua mfuko wake juu ya benchi la mochari, na kabla sijaliona wigi nilisikia harufu. Aliyewahi kuisikia haisahau. Ni kama samaki aliyelala, ni kama mpira uliopitiwa na moto, halafu kwa mbali kuna utamu kidogo kama wa peremende. Akatoa kichupa cheusi chenye mdomo mwembamba, akakiweka karibu na kichwa cha mama yake, akaniambia, "Auntie, hii ni ya kisasa. Haina shida kama zile zenu za zamani." Nikakitazama kichupa, nikamtazama Mama Nekesa aliyelala shuka ikimfika kidevuni, kitambaa chake cha kichwa kimeshatolewa, na miguu yangu ikataka kutoka nje. Sikutoka. Nilisema nahitaji maji ya moto, nipate tu mahali pa kusimama na kufikiria.

Nilikuwa nimetoka Murang'a asubuhi hiyo. Huko ndiko ninakoishi, nafuma sweta za shule. Nekesa alikuwa amenipigia simu akaniambia mama amelala, kwamba atasafirishwa Bungoma kuzikwa kwao, na kwamba kabla hajaondoka Nyeri kuna jambo alilosema akiwa bado na nguvu. "Alisema, ikifika saa yangu, muite Njeri anishike kichwa. Hakusema kwa nini." Nilikubali kabla sijafikiria. Halafu siku nzima nikawa kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, naketi, nasimama, naweka chai, nasahau kuinywa. Yule mama ndiye aliyenipa kazi ya kwanza maishani, na ndiye aliyeniwekea gundi iliyonimalizia nywele za mbele. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo nikianza na gundi, nikaona ninamwonea. Nikaiandika nikianza na kazi, nikaona ninajidanganya. Sijasoma sana, niliachia kidato cha pili, na labda mtu aliyesoma angejua namna ya kuyaweka yote mawili kwa usawa. Mimi nitaueleza ule mwaka kama ninavyoukumbuka.

Nilifika Nyeri kutoka kwetu Endarasha nikiwa na kichwa cha shule. Wasomaji wa hapa kwetu wanajua ninachosema. Msichana wa shule ananyolewa kama mvulana, na siku anapoacha shule, awe amemaliza au hakumaliza, kitu cha kwanza anachokitamani ni nywele. Sikutamani simu, wala viatu. Nilitamani nywele. Zangu zilikuwa urefu wa ukucha. Huwezi kuzisuka, haziwezi kushikwa hata na vidole vya mtu mjuzi, na ukizingoja zikue unangoja karibu mwaka mzima huku watu wakikuita kijana. Wasichana wa rika langu waliokuwa mjini walikuwa na nywele zinazogusa mabega. Walizirusha nyuma kwa kidole kimoja wakati wanaongea, na mimi nilikuwa nikisimama sokoni na gunia la viazi, naangalia kile kidole tu.

Saluni ya Mama Nekesa ilikuwa chumba kimoja upande wa juu wa soko. Mumewe alikuwa polisi aliyehamishiwa Nyeri kutoka magharibi, na yeye alipoona uhamisho hauna mwisho akafungua kazi. Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa mashine ya kusaga unga, kwa hiyo mashine ikiwaka, chupa zote za mafuta na shampuu zilikuwa zikitembea polepole kwenye rafu kuelekea ukingoni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzirudisha. Vumbi la unga lilipita juu ya ukuta likatua kwenye vioo. Kulikuwa na benchi la wanaongoja, viti viwili vya kufanyia kazi, draya mbili za kukalia chini yake nywele zikauke, na huko nyuma, pazia likiwa limefungwa kwa utepe, jiko la makaa ambalo lilikuwa jikoni letu na pia joto letu. Mwezi wa saba Nyeri haichezi na mtu. Kuna asubuhi mteja aliosha nywele huku meno yakigongana, na Mama Nekesa akamsogezea jiko miguuni akisema, "Usiunguze soksi, sina zingine za kukupa."

Nilijifunza haraka kwamba mwanamke aliye chini ya draya hajisikii mwenyewe anavyoongea. Anadhani ananong'ona, kumbe anapiga kelele. Siri zote za mji zilitangazwa pale kwa sauti ya juu. Mwalimu mmoja alimwambia jirani yake, "Mume wangu ameanza kunawa miguu kabla ya kutoka jioni," na saluni nzima ikanyamaza. Mimi nikaendelea kupanga chupa. Mwenzangu kazini alikuwa Muthoni, mwenyeji wa pale pale mjini, mwenye ulimi usiolala. Yeye ndiye aliyemjibu, "Mwalimu, si umshukuru Mungu? Wangu hanawi hata akitoka shambani." Walicheka mpaka fundi wa mashine akachungulia.

Mchana Mama Nekesa alitupikia. Alikuwa na mrenda aliokuwa akiletewa na watu wa kwao, akaupika, akasonga ugali mgumu, akatuita pazia likiwa limefungwa. Sisi wasichana wa githeri, mahindi na maharagwe ya kutafuna, hatukuujua ule utelezi. Muthoni aliinua tonge juu, uzi wa mrenda ukamfuata, akasema, "Auntie, hii mboga inashuka kabla sijaimeza." Mama Nekesa hakuinua macho. "Nyinyi mnatafuna githeri kutwa kama farasi, na bado mnachekelea mboga za watu. Kula." Ndivyo alivyoongea. Neno lake la mwisho karibu kila mara lilikuwa kula, au kaa, au ngoja. Na siku zote, kiangazi au mvua, alikuwa na kitambaa kichwani, kimefungwa chini kabisa, karibu na nyusi. Hatukuwahi kumwona bila hicho. Muthoni alikuwa na jibu lake, alilonong'ona akijua linasikika: "Mganga hajigangi."

Siku aliyoniita kitini nilidhani anataka nifagie chini yake. "Njeri, kaa hapa." Nikakaa. Alishika kichwa changu kwa viganja viwili, akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua kabeji. Wiki iliyotangulia alikuwa amenipaka tone la gundi ndani ya mkono, karibu na kiwiko, akaniambia nisioshe mpaka kesho yake, na ngozi haikusema kitu. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mteja mpya, na nilimwona akiwarudisha nyumbani walioota vipele hata kama walilia. Hilo lazima niliseme. Aliniwekea dawa ya kulainisha, akakausha, akachukua nywele za dukani zilizoshonwa kwenye ukanda mwembamba, akapima ukanda kwa kichwa changu, akakata. Kisha akapaka gundi juu ya ukanda, akaipuliza kwa draya ya mkono mpaka ikaanza kunata, akaubandika kisogoni, akaukandamiza kwa kidole. Ukanda juu ya ukanda, kutoka chini kwenda utosini. Alikuwa akimweleza Muthoni huku anafanya kazi: "Gundi inakaa juu ya nywele. Haigusi ngozi. Ukigusa ngozi umeharibu." Muthoni akainama akaangalia. "Na hii kichwa yake, Auntie? Nywele iko wapi?" Mama Nekesa akasita kidogo, kisha akasema, "Tutafanya pole pole." Lakini upole hauongezi urefu. Nywele zangu zilikuwa fupi mno, na gundi haikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Sitaki kuifanya ile siku iwe mbaya kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa siku nzuri. Kusuka matuta na kushonea nywele juu yake kulichukua nusu siku na machozi, na usiku ule hulali kwa jinsi ngozi ilivyovutwa. Gundi ilimaliza kabla chai haijapoa kwenye thamosi. Haikuuma. Ililala bapa, kama nywele zilizoota zenyewe. Alinigeuza kwenye kioo nikamwona msichana ambaye sikuwa nimeambiwa habari zake. Nikaweka kidole nyuma ya sikio nikazirusha. Muthoni akasema, "Haya basi, ameshaanza." Mama Nekesa akanitolea lile neno lake la kuagana, alilowaambia wateja wote wa gundi kwa sura isiyocheka: "Sasa kaa mbali na upepo." Nikatumwa sokoni nikanunue nyanya. Nilipita njia ndefu. Wanaume wauza sukuma wiki, ambao siku zote walikuwa wakiniambia kijana pisha, walinyamaza nipite. Mmoja akasema, "Sista, utachukua nini?" Sista. Nilisahau nyanya.

Baada ya siku chache wateja wakaanza kuninyooshea kidole. "Nataka kama ya huyu." Mama Nekesa aliona, na ni nani asingeona? Kila mtindo mpya ukaanzia kwangu. Ijumaa alitoa wa zamani, akabandika mwingine, mfupi wa mbele, mrefu wa pembeni, wenye rangi ya majani makavu. Mimi nikawa kibao cha saluni. Sikulazimishwa. Kutoka kuwa msichana wa kurudisha chupa kwenye rafu nikawa mtu anayeulizwa maoni, na nilijua vizuri kinachonipa kile kiti. Si mikono yangu, maana Muthoni alinishinda mbali. Ni kichwa changu. Kichwa kikikataa, nitarudi Endarasha kwenye viazi na nywele za ukucha. Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka ule wote, na nililifahamu kila nilipoketi.

Mwasho ulianza wakati wa mvua za masika. Mwanzoni ulikuwa mdogo, nyuma ya masikio, kama mdudu anayetafuta njia. Huwezi kujikuna, utang'oa ukanda, kwa hiyo unajipiga kwa kiganja. Niliamka nikijipiga. Nilijipiga kanisani. Muthoni alinitazama siku moja akasema mbele ya wateja, "Wewe Njeri, unaua nini huko ndani? Waache walale." Wakacheka, nikacheka nao. Ukanda ulipotolewa kulikuwa na vijipele, na kwenye ule ukanda wenyewe, ukiugeuza juu chini, kulikuwa na nywele fupi fupi zimeganda kwenye gundi. Zangu. Mama Nekesa hakung'oa hata siku moja. Alipaka mafuta ya kupikia, akangoja, akapaka tena, akavuta kidogo kwa kidole gumba. Kuondoa kulichukua muda mrefu kuliko kuweka, na wateja wengi walikosa subira wakajing'olea nyumbani. Lakini kwangu hata ule upole haukusaidia. "Inawasha?" aliuliza. "Haiwashi, Auntie." Akachukua ukanda mwingine.

Nimekaa na yale majibizano kwa miaka mingi. Upande mmoja wa kichwa changu unasema, aliuliza, ukasema haiwashi, ungetaka afanye nini? Upande mwingine unasema, macho yake yalikuwa hapo juu ya vipele. Upande wa kwanza unajibu, na yako je? Hivyo ndivyo ninavyolala siku nyingine.

Mteja wetu mmoja alikuwa Purity, mwalimu wa chekechea, msichana mcheshi aliyependa gundi kwa sababu, alisema, watoto wake wa darasani hawangengoja amalize kusukwa. Akapata mchumba, na likizo ya mwezi wa nane wakapanga ngurario nyumbani kwao, karibu na Kagio. Kwa asiyejua, ngurario ni sherehe yetu ya kukata bega la mbuzi, ya kumkamilisha mke kimila. Kabla ya kukata, bibi harusi anafichwa katikati ya wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka utosini mpaka miguuni, wanatolewa kwa nyimbo wakisimama mstari, na bwana harusi anapaswa kumtambua wake bila kufunua. Akikosea anatozwa faini, na watu wanamcheka mpaka jioni. Purity akaja saluni akanipima bega kwa bega mbele ya kioo. "Auntie, si tuko sawa na huyu? Tuwekee nywele moja. Nataka ahangaike." Mama Nekesa naye akaalikwa.

Alitufanya Ijumaa, Purity kwanza, mimi nikiwa wa mwisho. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, umeme ulikuwa umepotea, na baridi ilikuwa imekaa chumbani kama mgeni asiyetaka kwenda. Gundi ilikataa kukauka. Akaishikilia juu ya jiko, ukanda baada ya ukanda, akaweka safu nene kuliko kawaida ili ishike. Alipofika mbele, juu ya sikio la kushoto, alisimama. Kulikuwa na mahali palipokuwa pabichi. Nilikuwa nikimwona kwenye kioo: mkono mmoja na kichupa, mwingine juu ya bega langu. "Njeri. Inawasha?" Purity alikuwa nyuma yetu, tayari amependeza, anazirusha zake kwa kidole. "Haiwashi, Auntie." Mama Nekesa alingoja. Nilidhani atauliza tena, na kama angeuliza tena, sijui. Naandika sijui kwa sababu ndio ukweli. Hakuuliza. Akasema, "Basi," akafunika pale pabichi.

Kagio si Nyeri. Ukishuka kutoka huku kwetu unavua sweta njiani, na ukifika unatafuta kivuli. Soko lao linanuka nyanya na mchele mpya, na jua linasimama juu ya kichwa chako bila haraka yoyote. Nyumbani kwa kina Purity akina mama walikuwa wakiponda mukimo, viazi na mahindi na majani, kwenye sufuria kubwa, wakigombana kuhusu chumvi. "Nani ametia chumvi ya pili?" "Mimi nilitia ya kwanza." "Basi ya pili ni ya shetani." Sisi wasichana tulifungiwa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa ili tusichunguliwe, tukafunikwa leso, moja juu ya nyingine, kisha shangazi wa Purity akapita akitubana kwa pini ili leso isiteleze. Pini yangu aliipitisha kwenye nywele. "Hii haitoki hata kwa malaika," akasema. Tulikaa mle tukingoja wazee wamalize maneno yao, na wazee hawana haraka siku kama hiyo. Jasho likaanza. Nikahisi kitu kinatambaa polepole nyuma ya sikio, nikadhani ni jasho, nikagusa kwa kidole kupitia leso, kikanata. Ile gundi ilikuwa imefanywa kwa baridi. Ilijua Nyeri. Ilipokutana na joto la Kagio chini ya leso mbili, ikarudi kuwa uji.

Tukatolewa. Sikuona kitu isipokuwa maua ya leso na mwanga. Nyimbo, vigelegele, kicheko. Nilisikia viatu vya bwana harusi vikipita, vikirudi, na rafiki zake wakimshauri. "Angalia miguu." "Miguu wamefunika." "Basi uliza moyo." "Moyo umesema huyu." Akasimama mbele yangu. Akasema ndiye, watu wakapiga yowe la furaha kwa sababu amekosea, na yeye kwa aibu na haraka akashika leso akaivuta ajionee. Ikakwama. Akavuta kwa nguvu.

Sauti ya kung'oka ilikuwa kama ya kitambaa kikuukuu kinapopasuliwa. Kwanza nilihisi hewa kwenye paji la uso, baridi, nzuri hata, na kisha maumivu. Leso ilikuwa mkononi mwake, na kwenye leso nywele za kubandika zikining'inia, na kwenye nywele za kubandika nywele zangu na ngozi kidogo. Kicheko kilienda mbele hatua chache kabla ya kusimama. Mshereheshaji hakuwa ameona vizuri, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Huyu atalipa mbuzi, na nywele juu." Mahali fulani mama mmoja akamwita Mungu, "Ngai," kwa sauti ndogo. Nilisimama pale na mikono kando. Sikujifunika. Sijui kwa nini, labda nilidhani nikijifunika ndipo itakuwa kweli.

Mama Nekesa alitoka kwenye hema la wageni. Hakukimbia. Alipita katikati ya wazee wa pande zote mbili, jambo lisilofanywa, na akiwa bado anatembea akapeleka mikono kisogoni akafungua kitambaa chake. Alipofika kwangu kilikuwa kimeshafunguka. Kuanzia masikio mpaka karibu na utosi hakuwa na nywele hata moja. Ngozi yake ilikuwa laini, inang'aa kama goti, na kando yake kulikuwa na alama za zamani, mistari, palipokuwa na ukanda juu ya ukanda. Watu wote wakaacha kuniangalia mimi wakamwangalia yeye. Akanifunga kitambaa, akakivuta chini mpaka kwenye nyusi, akakaza fundo. Kisha akawageukia. "Sherehe iendelee. Bibi harusi bado hajapatikana." Wakacheka, kwa shukrani nafikiri, na nyimbo zikarudi. Yeye akarudi kwenye kiti chake akakaa kichwa wazi jua lote la Kagio likimchapa, akala mukimo wake mbele ya watu, mpaka mbuzi akakatwa.

Nilipokuwa nimekaa chumbani nikilia, Purity akija na maji na pole zake, fikra mbili zilinijia pamoja na hazijawahi kuachana. Ya kwanza ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile. Ya pili ni kwamba alijua. Kichwa chake kilikuwa kimemwambia kila kitu kabla hajaniita kitini.

Tuliporudi Nyeri Mama Nekesa alinitoa mabaki kwa mafuta, taratibu, akanipeleka kwa daktari, akaninunulia dawa ya kupaka. Muthoni hakutania wiki nzima. Alinipikia uji akausukuma mbele yangu bila neno, na huyo ndiye Muthoni. Siku moja nyuma ya pazia, mrenda ukiwa sahanini, nikauliza. "Auntie, ulijua?" Aliosha mikono kwanza. "Nilijua yangu," akasema. "Yako sikujua. Kuna wenye hawapati kitu. Purity hajapata kitu mpaka leo. Nilisema labda wewe ni wa hao." Akakata tonge. "Kula."

Haki yake iandikwe pia: Purity kweli hakupata kitu. Na hili nalo liandikwe: hakuacha gundi. Aliendelea kuwabandikia waliotaka, na walitaka, foleni haikupungua. Mimi hakunigusa tena nayo, na hakumweka msichana mwingine kwenye kile kiti changu. Kabla ya Krismasi alinikabidhi kwa mama mmoja wa kanisa lake aliyekuwa na mashine ya kufuma. "Mikono yako ni ya uzi," akasema. "Kwa nywele ulikuwa unabahatisha." Alisema kweli. Sweta ninazofuma hadi leo zimetoka kwenye neno hilo. Nywele za nyuma zilirudi. Za mbele zilikataa.

Basi nikasimama mochari na beseni la maji ya moto. Nikamwosha kichwa kwa kitambaa laini, nikampaka mafuta. Ile mistari bado ilikuwepo, imefifia kama njia isiyopitwa. Nekesa, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto akifanya hesabu za shule juu ya benchi letu, sasa ana saluni yake yenye vioo vya taa. Alisimama upande wa pili na kichupa mkononi. "Miaka yote ni kitambaa, kitambaa," akasema. "Nataka aende na nywele, Auntie. Angalau mara moja." Sikuona ubaya. Hata mimi ningependa. Nikamwambia, "Tumvalishe. Lakini bila hiyo." Nikaliweka wigi, nikalisawazisha kwenye paji la uso, nikalibana na pini nyuma ya masikio, nikamlaza polepole. Alipendeza. Alionekana mtu aliyekuwa karibu kusema kula.

"Itakaa?" Nekesa akauliza. "Bila gundi?"

"Itakaa. Haendi mahali pa upepo."

Akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akajifuta macho, na mkono ule ule ukapanda, kiganja kikapiga juu ya sikio, taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Wigi lake mwenyewe lilikuwa limeshikwa vizuri sana kwenye paji la uso. Ngozi pembeni yake ilikuwa na wekundu.

"Inawasha?" nikasema.

"Haiwashi, Auntie."

Alinijibu haraka, bila kuniangalia, kwa sauti ninayoijua. Mama yake aliuliza mara moja, akangoja, akasema basi. Nilikunja taulo. Nikamwaga maji. Nikarudi nikasimama pale pale mbele yake.

"Nekesa. Inawasha?"

Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akaketi kwenye benchi, pole pole, kama mtu aliyetembea mbali.

"Kidogo," akasema.

Mafuta yalikuwa yamebaki kwenye chupa. Nikayapasha viganjani, nikamwambia ainamishe kichwa, na kwamba tutachukua muda.